Jina Lililobaki Nje ya Fremu

Hamza baba,

Sikuulizi hali. Nimekuona asubuhi hii ukimaliza sahani ya mihogo peke yako na bado ukauliza kama chai imebaki, kwa hiyo hali yako naijua. Umekwenda Nyamwage kumuaga bibi yako, na nikimjua mama yangu hatakuachia urudi kabla ya alasiri kupita, maana lazima akulishe, akuombee dua, kisha akulishe tena. Nina saa chache. Nimefunga duka, nimekaa kwenye meza yako nyuma ya mashine ya kopi, naandika kwa kalamu. Ningeandika kwenye kompyuta ungeliona faili hata kabla sijamaliza, kwa sababu wewe huwezi kupita mbele ya kompyuta bila kutazama nani kafungua nini. Tabia hiyo nilikufunza mwenyewe.

Ya kufua na kula sitayaandika. Baba yako atakueleza yote kesho stendi, mara mbili, na wewe utaitikia kama vile ndiyo kwanza unayasikia. Mimi nina jambo moja, nalo nimekuficha tangu ulipokuwa darasa la sita. Ukiondoka hujalijua, utakwenda kukalia kile kiti cha kupokea mafaili ya uchapaji Morogoro ukiwa na imani juu yangu ambayo si ya kweli, na kazi yako yote utaijenga juu yake. Naogopa kukwambia. Umetoka tumboni mwangu na bado nakuogopa, hebu fikiria.

Niache nianze mbali kidogo, ili unijue vizuri kabla sijafika penyewe.

Kazi hii mimi sikuisomea kama wewe. Nilianza kwa kupiga taipu barua za watu, halafu kompyuta zikaingia, nikajifunza kwa kubofya na kulia. Kupeleka kazi kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam nilijifunza kwa kukosea, na makosa mengine wateja walinifundisha kwa ukali. Unazikumbuka zile kadi za harusi ya watu wa Dimani? Hukumbuki, ulikuwa unatambaa. Mama wa bibi harusi alitaka kijani cha mpunga mchanga. Nikamtafutia kwenye kioo cha kompyuta mpaka akapiga vigelegele hapohapo dukani. Kadi ziliporudi kutoka kiwandani, kijani chenyewe kilikuwa cha kisamvu kilicholala. Yule mama aliiweka kadi moja juu ya kaunta, akaigeuza, akaigeuza tena, akaniuliza taratibu, "Mama Hamza, mpunga huu umeungua?"

Ndipo nikajua kwamba kioo kina mwanga wake na karatasi haina, na kwamba rangi ya kuchapa kwa wino lazima uipange tangu mwanzo kwa hesabu ya wino. Nilimwomba radhi palepale. Nilimwambia, kosa ni langu, nilikuonyesha kitu ambacho sikukijua. Tukachapa upya, nikaalikwa harusini, nikala ubwabwa wao bila aibu yoyote.

Mwaka mwingine nikapeleka kipeperushi cha mahafali bila kufunga fonti ndani ya faili. Kompyuta ya kiwandani haikuwa na fonti yangu, ikachagua yake, kichwa cha habari kikarudi kimefura na kuvunjika vipande viwili. Hilo nalo nilikiri. Ulipokua ukawa wewe ndiye unaniuliza kila faili linapotoka, "Mama, umefunga fonti? Picha umezitoa kwenye kamera, au ni zile za kutumiwa kwa simu?" Nilikuwa najifanya nakasirika. Kwa kweli nilikuwa nafurahi mpaka najificha uso kwenye karatasi.

Nakwambia haya ujue kwamba mamako alikuwa mtu wa kukiri kosa. Ndivyo nilivyojiona, na ndivyo ulivyonijua. Basi sasa tuje penyewe.

Unajua desturi yetu ya Shaabani. Kabla ya mwezi wa kufunga, watu wa huku Kibiti na ndugu zao wa visiwani, Salale na kwingineko, wanakutana kwa hitima moja, na marehemu wa kila nyumba wanasomwa kwa majina, mmoja mmoja. Zamani kila nyumba ilileta kikaratasi chake. Karatasi za huko kwenye mikoko zinaingia unyevu, zinanata, wino unatawanyika, na Mwalimu Kondo, katibu wa kamati ambaye ndiye msomaji, alikuwa anazishika juu ya taa akikisia. Mwaka ule kamati ikaamua kuchapisha kitabu kidogo, Yasini mbele, dua katikati, na majina ya marehemu nyuma, kijiji kwa kijiji. Kazi nikapewa mimi. Nilijivuna, usidhani sikujivuna. Nilitengenezea kila ukurasa fremu ya maua, kurasa thelathini na mbili kamili, za kushonwa kwa pini katikati. Nilikaa usiku na mchana, na mchana wewe ulikuwa unanisomea majina huku unakula karanga.

Faili lilikuwa limekamilika. Nilikuwa nimewaahidi kiwanda watalipata jioni ile. Kabla ya adhuhuri akaingia dukani bibi mmoja, nguo imelowa mpaka magotini. Ndiye Bi Mwajabu wa Salale. Alikuwa amepanda boti mpaka Nyamisati, na kutoka Nyamisati gari, kwa ajili ya jina moja.

"Nimechelewa, mwanangu," akasema. "Mie sina wa kunisemea kule. Nna mtoto wangu hayumo kwenye orodha."

Nikamuuliza jina. Mwanaidi binti Omari. Alizaliwa usiku wa kuamkia Idi, akaishi siku kumi na tisa. Bi Mwajabu hakupata mtoto mwingine baada yake. Nikafanya hesabu kichwani, huyo mtoto angekuwa hai angenizidi mimi umri. Nyumba aliyozaliwa ilishaliwa na maji, aliyemkata kitovu alishakufa, baba mtu alishakufa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anajua kwamba mtoto huyo alipata kuwepo.

Mwalimu Kondo alikuwa dukani siku hiyo, anakagua Yasini. Akasema kwa upole wake, "Bibi, mtoto mchanga hana dhambi. Yule ndiye wa kukuombea weye. Hana haja ya kurehemiwa."

"Sikuja kumwombea dhambi," Bi Mwajabu akamjibu. "Nimekuja asomwe."

Mwalimu akaniangalia, akasema, "Mtie, mama. Hapungui mtu kitu." Nakuandikia hili uone kwamba Mwalimu Kondo hakukataa.

Sasa, ukurasa wa Salale ulikuwa wa kumi na tisa, nao ulikuwa umejaa. Wewe leo unajua la kufanya hata usingizini. Ukiongeza mstari pale, unasukuma majina yote ya mbele, kila kijiji kinashuka, na mwisho unapata ukurasa wa thelathini na tatu. Kitabu cha pini kurasa zake sharti zigawanyike kwa nne, kwa hiyo unakwenda thelathini na sita, unapanga upya kila kitu, unakosa jioni uliyoahidi. Au unapunguza herufi kidogo kwenye ukurasa mmoja ule na kutafuta nafasi, kazi ya nusu saa. Nusu saa, Hamza. Nilikuwa nimechoka, na macho yalikuwa yananiwasha, na kusema kweli nilikuwa nakipenda kile kitabu kilivyokuwa, sikutaka kukigusa. Nikachukua jina la Mwanaidi nikaliweka chini kabisa, nje ya fremu, pembeni kabisa ya karatasi. Kwenye kioo lilionekana. Nikamwita Bi Mwajabu aje aone, nikamsomea. Akaligusa kwa kidole kwenye kioo, nikampa maji ya kunywa, akaondoka.

Nikatuma faili.

Asubuhi ya pili, duka limejaa watu wa fomu, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Ulitoka kwa kijana wa mapokezi ya mafaili pale kiwandani, jina lake Idrisa. Sijapata kumwona kwa sura hadi leo. Aliandika: "Shikamoo mama. Ukurasa wa 19 jina la mwisho liko nje ya fremu, karibu sana na ukingo. Kisu kitalikata. Nilipandishe mimi au utatuma upya?" Niliusoma wote. Nikajibu, "Chapeni tu, nimeshakagua." Akapiga simu. Nikaikata, kwa sababu mtu alikuwa ananisukumia fomu usoni na kwa sababu niliona kijana ananifundisha kazi. Akapiga tena, nikaikata tena. Adhuhuri akanitumia prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, kwa barua pepe, kurasa zote, akaandika nizipitie na kumjibu. Sikuifungua. Nikajibu neno moja, "Sawa."

Kisu kilipita kinapopita siku zote. Vitabu vilikuja kwenye maboksi, vizuri ajabu, kila mtu akanisifu. Siku ya hitima nilikaa upande wa wanawake, na Bi Mwajabu alikuwa ubavuni kwangu. Alivaa kanga mpya. Mwalimu Kondo akaanza kusoma majina. Alipofika Salale yule bibi akanishika mkono. Nilikuwa nimefungua kitabu na mimi, nafuata kwa kidole, nikafika chini ya ukurasa wa kumi na tisa. Fremu, kisha ukingo, basi. Mwalimu akafunua ukurasa wa ishirini akaendelea na kijiji kingine.

Bi Mwajabu akaniinamia. "Nimepitiwa?" akaniuliza. "Nimesinzia?"

Nikamwambia, "Labda hukusikia, bibi."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, hata kuliko yaliyofuata. Nilimfanya mwanamke mzima ayatilie shaka masikio yake, juu ya jina alilolisubiri umri wake wote. Nilimwona akijilaumu.

Yaliyofuata unayajua, au unadhani unayajua. Bi Mwajabu alikichukua kitabu akamtafuta mtu mwingine amsomee, na siku mbili baadaye kamati ilikuwa dukani kwetu. Ulikuwa umekaa palepale ninapokaa sasa, unabana karatasi kwa pini. Niliwasikia barazani kabla hawajaingia. Nikachukua simu, nikautafuta ujumbe wa Idrisa na jibu langu, simu zake na ile barua pepe, nikafuta vyote. Wakati ule nilijiambia naondoa takataka kwenye simu.

Mwalimu Kondo akapiga kiwandani na kuweka spika, akamgombeza yule kijana mbele yetu sote. Idrisa hakupandisha sauti. Alisema, "Mzee wangu, nilimwandikia mama. Nilimwandikia na nikampigia. Ujumbe anao." Wote wakanigeukia. Nikaiweka simu yangu mezani, nikasema, "Tazameni wenyewe." Na wewe, baba, mwenye miaka kumi na miwili, na kibana pini mkononi, ukasimama ukawaambia wazee wale, "Mama yangu hakosei."

Nilikukumbatia. Unakumbuka nilikukumbatia. Ukadhani ni fahari.

Hakuna aliyemwomba Idrisa aonyeshe nakala yake; kamati ikaandika barua kiwandani. Baada ya muda nikasikia kwa mteja mwingine aliyekuwa akipeleka kazi pale kwamba Idrisa ameondolewa. Sikuuliza zaidi. Nilihamisha kazi zangu kiwanda kingine, nikiwaambia watu kwamba wale si waangalifu.

Na ule uongo, Hamza, haukumsaidia hata yule niliyedhani utamtuliza. Bi Mwajabu alipoambiwa ni mashine ya kiwandani iliyolikata, alisema, "Mashine haimjui mtu. Itakataje jina moja tu, la mwanangu, majina yote yale yabaki?" Alikuwa na haki. Anayejua kwamba jina lile peke yake nililiweka nje ya fremu ndiye tu angeweza kuelewa kwa nini limekatwa peke yake, na aliyejua alikuwa mimi. Kwa hiyo yeye akapata jibu lake mwenyewe, kwamba Mwalimu Kondo amelitoa, kwa sababu alisema mtoto mchanga hana haja. Hakuja tena hitimani. Miaka yote hii hajaja.

Ningeendelea kunyamaza, nakwambia ukweli. Nilikwishazoea. Baba yako nilimwambia mwaka juzi, akaniuliza, "Na mtoto ataambiwa na nani?" Nikamkasirikia wiki nzima.

Halafu wewe ukaenda Morogoro kwenye usaili. Ulirudi umejaa furaha, ukakaa kwenye mkeka, ukatusimulia. Ukasema walikuuliza kwa nini unaitaka kazi ya kupokea mafaili, kazi ambayo vijana wengi wanaikimbia, na wewe ukawaeleza habari ya mama yako wa Kibiti na jina la mtoto lililoliwa na watu wa kiwandani kwa uzembe. Ukasema uliwaambia, "Nataka pawepo mtu mmoja kwenye kile kiti anayejali." Ukasema mmoja wao alifuta macho. Baba yako aliniangalia juu ya sahani ya wali. Nilisema nakwenda kuangalia jiko, na jiko lilikuwa limeshazimwa.

Pale penye kiti hicho palikuwepo mtu anayejali, mwanangu. Aliandika, akapiga mara mbili, akatuma prufu. Aliyekuwa hajali ni mimi.

Sijui utanionaje baada ya kusoma hapa. Naweza kusema nakupenda na ni kweli, lakini nilikupenda pia siku ile nilipokuacha unitetee kwa uongo, kwa hiyo kupenda peke yake hakujanizuia kitu. Kama utakasirika, kasirika. Usiache kunipigia simu tu.

Utakapokaa pale, mtu kama mimi atakuja kila siku. Atakuja na faili lililobanwa, picha za simu, majina pembezoni, na ahadi aliyoitoa kwa watu wake. Atakuwa amechoka na atakwambia, "Chapeni tu." Usimchukie, na usimtii. Mwambie unasubiri aufungue ukurasa wenyewe na akutajie kilichoandikwa mstari wa mwisho. Akikata simu, mpigie tena. Akikuona msumbufu, na akuone. Na prufu usiikubali kwa neno "sawa", maana "sawa" mtu anaweza kuiandika huku anapima mchele. Sikupi masharti ya kazi, wenzako watakupa. Nakwambia tu ni wapi nilipopita na mtu gani angeweza kunizuia kama ningemwachia.

Wiki iliyopita nilikwambia nakwenda Salale kununua kamba. Kamba nilileta kweli, na ndio uliowamaliza jana, lakini sikwenda kwa ajili yao. Nilikwenda kwa Bi Mwajabu. Amezeeka sana, macho yamepunguka. Aliniitikia salamu akanikaribisha kwenye mkeka bila kunijua, nikajitambulisha. Nikamweleza yote, jinsi nilivyolipanga jina, ujumbe, simu nilizozikata, na lile neno nililomwambia hitimani, kwamba labda hakusikia. Sikuacha kitu.

Kisha akauliza, "Kwa hivo hakuna mtu alompiga kalamu?"

"Hakuna, bibi. Mwalimu Kondo ndiye aliyesema atiwe. Mimi nilimweka pabaya."

"Kondo nimemnyima salamu miaka yote hii," akasema. "Njiani nampisha kama simwoni. Kwa ajili yako weye."

Nikamwambia ndiyo. Machozi yalinitoka, na hakunibembeleza, na sikustahili.

Baadaye akauliza, "Na sasa mnachapa tena?" Nikamwambia ndiyo, vitabu vimechakaa na marehemu wameongezeka, kamati imeagiza toleo jipya kabla ya Shaabani.

"Utamweka wapi safari hii?"

"Ndani ya fremu, pamoja na watu wa Salale."

"Kwa herufi kubwa?"

Nilikuwa tayari kumwahidi herufi za dhahabu kama angetaka. Nikasema, "Upendavyo, bibi."

"Sitaki kubwa," akasema. "Sawasawa na wenziwe."

Hakusema amenisamehe. Alisema nikamwambie Kondo kwamba akimwona atamwitikia, na kwamba kama boti itapatikana atakuja hitimani, na kwamba nisije kumchukua mimi, atakuja mwenyewe. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kondo. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia akaipangusa, akasema, "Kumbe ndiyo maana." Kisha akasema kamati italijua Ijumaa na nitalisema mimi mwenyewe. Nimekubali. Ijumaa utakuwa umeshafika Morogoro, na huenda ni vizuri hivyo, maana nikikuona nitashindwa.

Faili la kitabu kipya nimeomba tulipeleke kwenu. Kurasa ni thelathini na sita, nafasi ya kisu kupita nimeiacha pande zote, fonti nimezifunga, maandishi ya Yasini nimeyahakiki na mwalimu wa chuo. Litakapofika mezani kwako mimi ni mteja wako, si mama yako. Likague bila huruma. Ukiona kitu, niandikie kama unavyomwandikia mtu usiyemjua.

Limebaki moja, na hili sijaliweza. Mwezi uliopita nilipiga simu kile kiwanda cha zamani, nikaomba kuzungumza na mkubwa wao, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza kwa adabu. Alisema yeye wakati ule hakuwepo, Idrisa aliondoka kitambo, namba yake hawana. Amesikia tu kwamba alipata kazi kiwanda kingine huko bara, hajui kipi. Nimeuliza kwa wateja, nimeuliza kwa madereva wanaobeba maboksi. Nitaendelea kuuliza.

Lakini nyinyi watu wa uchapaji mnajuana, na huko uendako utakutana na wengi. Usimwombe radhi kwa niaba yangu, hiyo ni kazi yangu, wewe mpe namba yangu. Ila kabla hujampa namba, mwambie jambo moja, na ulimwambie kwa sauti kama wapo watu, kwa sababu alikanushwa mbele ya watu. Mwambie ujumbe wake niliupata. Niliupata asubuhi, nikausoma wote, na mashine ya kuchapa ilikuwa bado haijawashwa.

Mama yako